Abiria wa Tano ni Chelo: Mwongozo wa Kupanga Ziara ya Kwarteti ya Nyuzi Nje ya Nchi

Kwarteti ya nyuzi ina watu wanne: wapiga fidla wawili, mpiga viola (fidla kubwa kidogo) na mpiga chelo (ala kubwa zaidi ya jamii hiyo, inayosimamishwa sakafuni). Kwenye ndege inakaa viti vitano. Ratiba, bajeti, aina ya ndege, gari la kutoka uwanjani, hata upana wa lifti ya hoteli, vyote huanza kupangwa kwa chelo, kisha watu hufuata. Kundi linalopanga kinyume chake hugundua kosa likiwa tayari limesimama mbele ya kaunta ya tiketi.

Hatua ya 1: Ratiba, miezi 24 hadi 18 kabla

Muziki wa chemba, yaani wa makundi madogo kama kwarteti, huchezwa kwenye kumbi ndogo. Wigmore Hall ya London ina viti 552, ukumbi mdogo wa Concertgebouw mjini Amsterdam una 437, na Weill Recital Hall ya New York una 268. Viti vichache maana yake mapato yana kikomo, na tamasha moja halilipi nauli tano za kuvuka bahari. Kwa hiyo tafuteni kwanza tamasha mama, lile lenye malipo mazuri na tarehe isiyosogea, kisha jazeni siku za kabla na baada yake kwa kumbi zilizo kwenye njia moja.

Chora safari kwenye ramani. Mstari ukirudi nyuma zaidi ya mara moja, kuna tamasha la kukataa. Matamasha manne kwa siku saba ni mwendo mzuri, matano yanawezekana, na la sita huchezwa na watu waliochoka. Kusafiri na kucheza siku hiyohiyo kubalini tu kama safari ni ya treni au gari na haizidi saa tatu. Mkivuka kanda za saa zaidi ya sita, laleni usiku mbili kabla ya tamasha la kwanza. Mwili huzoea takriban saa moja kwa siku, na kuelekea mashariki huuma zaidi kuliko kuelekea magharibi.

Waandaaji wapeni programu mbili za kuchagua, tatu zikizidi sana. Kila nusu iwe dakika 40 hadi 45, na mapumziko ya dakika 20 katikati. Angalieni pia tabia ya kila kazi mkiwa njiani. Kwarteti ya Beethoven opus 131 ina sehemu saba zinazochezwa bila kusimama, kama dakika 40, wala hakuna mahali pa kupatanisha nyuzi upya. Nyuzi zilizobadilishwa jana au mbao ambazo hazijazoea hewa ya mji huo zitawaumbua mbele ya watu. Kazi ya namna hiyo iwekeni nusu ya pili, na isiwe usiku wa kwanza.

Hatua ya 2: Mkataba na kodi

Neno la kulinda kwenye mkataba ni dogo: malipo ni kabla ya kodi au ni ya mkononi? Mikataba ya kodi kati ya nchi kwa kawaida huipa nchi mnamochezea haki ya kumtoza msanii, hata akikaa siku moja tu. Ujerumani hukata 15% pamoja na nyongeza ya mshikamano, jumla 15.825%. Marekani hukata 30% ya malipo ghafi. Huko mnaweza kuomba makubaliano na mamlaka ya kodi ili mkatwe kwa kuangalia faida badala ya malipo yote, lakini ombi lifike angalau siku 45 kabla ya tamasha la kwanza. Kwa kila nchi dai cheti cha kodi iliyokatwa, kilichoandikwa majina ya wanamuziki wenyewe. Bila hicho kodi ileile mtalipa tena nyumbani. Waandaaji husahau kukituma, na kukifuatilia baada ya mwaka ni kazi ngumu.

Mengine ya kuandika: nani analipa hoteli na usafiri wa ndani, ni kiasi gani kinalipwa mkiahirishiwa, nani ana haki ya kurekodi, na nani analipia haki za watunzi. Shostakovich alifariki 1975, kwa hiyo katika nchi zinazolinda kazi miaka 70 baada ya kifo muziki wake bado una mwenyewe. Mara nyingi ukumbi ndio unaolipa, lakini ninyi ndio wa kuwasilisha orodha ya kazi pamoja na dakika zake.

Hatua ya 3: Viza

Kila mwanamuziki ahesabiwe peke yake. Kanuni ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na mpiga viola aliyefundisha huko wiki sita msimu uliopita huenda ameshakula karibu nusu ya siku zake. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Viza hiyo yenyewe si kibali cha kazi: kila nchi ina kanuni yake juu ya wasanii wanaolipwa, na mwandaaji wa pale aulizwe kwa maandishi.

Kwa Marekani, kundi linalojulikana kimataifa huomba viza ya P-1, na sharti moja huwabana sana watu wanne: angalau 75% ya wanakundi wawe wamekuwa pamoja kwa mwaka mmoja au zaidi. Watatu kati ya wanne ni 75% kamili. Mkibadilisha mtu mmoja mnapita, mkibadilisha wawili hampiti. Kama mna mpango wa kumleta mwenzenu mpya, tazameni kwanza kalenda ya ombi hilo.

Hatua ya 4: Karatasi za ala

Hapa ndipo ziara nyingi hujikwaa, kwa kuwa ala moja inaweza kuhitaji karatasi mbili zisizojuana: moja ya forodha, nyingine ya viumbe vinavyolindwa.

Ya forodha ni ATA Carnet, kitabu kinachotolewa na chemba ya biashara, kinachotumika mwaka mmoja na kukubaliwa katika nchi na maeneo zaidi ya 80. Kinasema kwamba bidhaa hizi zinaingia kwa muda na zitarudi. Mnaweka dhamana, kisha mnaorodhesha kila fidla, upinde na kasha pamoja na uzito, thamani na nchi kilikotengenezwa. Kitabu kikishatolewa hakiongezwi kitu, kwa hiyo upinde wa akiba uwemo tangu mwanzo. Karatasi za njano ni za nchi ya nyumbani, nyeupe za kuingia na kutoka nchi ya ugeni, bluu za kupita njia. Kosa la kawaida ni kutoka nchini bila muhuri, kwa sababu dirisha la forodha halikuwa na mtu au liko upande wa pili wa uwanja. Ikitokea hivyo, kwa mujibu wa karatasi ala imebaki kule, na madai ya ushuru yatakwenda kwenye dhamana yenu. Ulizeni siku moja kabla dirisha liko wapi na linafunguliwa saa ngapi, na mpitie hapo kabla ya kukabidhi mizigo. Nchi kadhaa humruhusu mwanamuziki aingie na ala yake ya mkononi kwa kutamka tu, bila kitabu. Ulizeni kabla ya kulipia Carnet msiyoihitaji.

Ya pili inatokana na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliotiwa saini 1973 na kuanza kazi 1975. Ala ya zamani ni kama boma la wanyama: pembe ya ndovu kwenye ncha ya upinde, gamba la ng'amba kwenye kishikio, mfupa wa mdomo wa nyangumi au ngozi ya mjusi pale kidole gumba kinaposhika. Kisha kuna miti. Pinde nzuri hutengenezwa kwa pernambuko ya Brazili, iliyoingia Kiambatisho cha II cha mkataba huo, orodha ya viumbe vinavyouzwa kwa vibali, mwaka 2007. Mti wa Dalbergia nigra, unaoonekana zaidi kwenye vigingi vya kukazia nyuzi na gitaa za zamani, uko Kiambatisho cha I, orodha kali zaidi, tangu 1992. Klarineti na oboe ni za mpingo. Mpingo ni Dalbergia, nao uliingia Kiambatisho cha II mwaka 2017 pamoja na jamaa zake, lakini mabadiliko yaliyopitishwa 2019 yaliziondoa ala zilizokamilika kwenye vibali hivyo. Tahadhari ndogo ya lugha: ubao wa vidole wa fidla ni abunusi, si mpingo, hata kama vyote ni vyeusi. Kwenye fomu andikeni jina la kisayansi.

Kibali kinachofaa wasafiri ni cheti cha ala za muziki, kilichokubaliwa na nchi wanachama 2013. Kinadumu hadi miaka mitatu na kinahusu ala moja, na upinde huhesabiwa kama ala yake. Kinataka muhuri kila mpaka na hakiruhusu kuuza ala huko ugenini. Ombeni miezi minne kabla. Marekani ni wakali zaidi juu ya pembe ya ndovu: wanataka ushahidi kwamba ilipatikana kihalali kabla ya 26 Februari 1976, na ala zenye vibali vya namna hii hupitia bandari maalumu tu, si kila uwanja wa ndege.

Ushauri wetu ni mfupi. Upinde wenye pembe ya ndovu uacheni nyumbani. Fundi abadilishe ncha kwa mfupa wa ng'ombe au fedha na aandike barua ya kuthibitisha, ama msafiri na upinde wa nyuzi za kaboni. Sauti inayopotea ni ndogo, lakini upinde wa karne ya 19 uliokamatwa haurudishwi na ubalozi wowote.

Bima nayo iwe ya dunia nzima, na someni kifungu cha gari lisilo na mtu. Nyingi hazilipi ala iliyoibiwa kwenye gari lililoachwa bila mlinzi, hata likiwa limefungwa.

Hatua ya 5: Kiti cha chelo

Chelo na kasha lake huwa na uzito wa kilo sita hadi nane, na kasha lina urefu wa karibu sentimita 135. Kwenye shehena haikai salama: kasha gumu huzuia michubuko tu, na kasha likiangushwa shingo ya chelo huvunjika kwa ndani. Nunueni kiti.

Msinunue mtandaoni. Pigeni simu shirika la ndege, semeni ni mzigo wa kukaa kitini, na hakikisheni tiketi imeandikwa CBBG, alama inayotumika kwa mzigo wa ndani ya ndege. Tiketi mbili ziunganishwe kwenye uhifadhi mmoja, la sivyo mfumo unaweza kumhamisha mwenye chelo na kuiacha chelo. Nauli kwa kawaida ni ya mtu mzima, ila baadhi ya tozo za abiria huondolewa. Kagueni hilo.

Kiti kiwe cha dirishani, kisiwe safu ya mlango wa dharura, na chelo isizuie mtu kutoka wala kuficha taa za ishara. Ombeni mkanda wa nyongeza. Ulizeni pia aina ya ndege, kwa sababu ndege ndogo za mikoani zina mashirika yanayokataa chelo kabisa. Tatizo kubwa ni kubadilishwa ndege siku mbili kabla. Tazameni uhifadhi kila wiki, na siku ya safari mfike saa tatu kabla, kwani tiketi ya chelo mara nyingi hukataa kujisajili kwa simu. Barua ya uthibitisho ya shirika iwe imechapishwa. Wafanyakazi wa mlangoni huiamini karatasi kuliko maelezo.

Fidla na viola huingia kwenye sanduku la juu, lakini nafasi ya juu hupewa anayewahi. Kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika 2015 inayataka mashirika kuruhusu ala ndogo ndani ya ndege nafasi ikiwepo wakati wa kupanda. Hayo maneno, nafasi ikiwepo, ndiyo sababu ya kulipia kupanda mapema. Kwa chelo, kanuni hiyohiyo inaweka kikomo cha pauni 165, kama kilo 75, ambacho hakuna chelo itakikaribia.

Hatua ya 6: Mbao na hewa

Hewa ya ndani ya ndege ina unyevu chini ya 20%, na mbao za fidla hupenda 40% hadi 60%. Safari ya saa kumi hukausha ala kuliko wiki nzima nyumbani. Wekeni kipimo cha unyevu ndani ya kila kasha, na vifuko vya kurekebisha unyevu, viwili kwa fidla, vinne kwa chelo. Nyuzi zilegezeni kidogo, nusu toni hadi toni moja. Msizilegeze zote kabisa: nguzo ya sauti, kile kijiti kilichosimama ndani ya tumbo la ala, hakina gundi, hushikwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake, na kikianguka hakuna tamasha mpaka apatikane fundi. Nywele za pinde zilegezwe mpaka ziwe legelege.

Mkiingia ndani kutoka kwenye baridi kali, kasha likae limefungwa kwa dakika 30 hadi 60. Likifunguliwa mara moja, mvuke wa chumba hutulia juu ya vanishi kama umande.

Dalili zisomeni hivi. Kwenye ukavu, tumbo la ala hushuka, nyuzi hukaribia ubao wa vidole na kuanza kukwaruza, vigingi husinyaa na kuteleza. Kwenye unyevu, tumbo hupanda, nyuzi huwa juu na ngumu kubonyeza, vigingi hukwama. Ndiyo maana wapiga chelo wengi hubeba madaraja mawili, yaani vijibao vinavyoinua nyuzi juu ya tumbo, moja refu la majira ya ukavu na moja fupi la unyevu. Mkisikia mtetemo usioeleweka, gongeni taratibu kwa kifundo cha kidole ukingoni mwa ala yote. Mahali palipoachia hutoa mlio mkavu, tofauti na pengine. Msikimbilie gundi ya dukani. Maungio hushikwa na gundi ya ngozi, iliyokusudiwa kuachia kabla mbao hazijapasuka, na fundi huirudisha kwa muda mfupi. Gundi ya kisasa huziba leo na kupasua mbao kesho. Kwa hiyo, kabla ya safari, andikeni jina na simu ya fundi mmoja wa ala kwa kila mji.

Hatua ya 7: Mfuko wa akiba

- Nyuzi za E za fidla: nne, maana ndizo hukatika zaidi. Seti moja kamili kwa kila fidla na viola.
- Uzi wa A wa chelo: miwili, na seti moja kamili. Nyuzi za akiba ziwe zimeshachezwa siku chache nyumbani, kwani uzi mpya hushuka sauti usiku mzima.
- Upinde wa ziada mmoja wa fidla na mmoja wa chelo.
- Ulimbo wa pinde vipande viwili, kimoja kigumu kwa joto.
- Kizuizi cha mguu wa chelo (ule mchuma wenye ncha), chenye kamba ya kufunga kwenye mguu wa kiti. Kumbi nyingi hukataa sakafu yao kutobolewa.
- Dawa ya vigingi, penseli nane, tepu, na taa ndogo nne za stendi za noti.

Noti zenu zikiwa kwenye tableti, bebeni nakala za karatasi pia. Kanyagio mbili za bluetooth huweza kushikana na tableti isiyo yake, na mpiga viola akajikuta anamfungulia kurasa mpiga fidla wa kwanza. Kila kanyagio ipewe jina lake, ziunganisheni moja moja na sio pamoja, zimeni kujifunga kwa skrini, na wote wanne mtumie toleo lenye namba zilezile za baa (vigawanyo vya mapigo kwenye noti).

Hatua ya 8: Siku ya tamasha

Wiki sita kabla tumeni ukumbini orodha ya mahitaji: viti vinne visivyo na mikono na vyenye kalio bapa, kimo cha sentimita 46 hadi 48, na kimojawapo kinachorekebishika kwa mpiga chelo. Stendi nne nzito, si zile za kukunja. Nafasi ya mita 4 kwa 3. Mwanga utoke juu, usiwapige machoni. Kama jukwaa lina ubao wa kuinulia wenye uwazi chini, chelo itavuma kama ngoma, basi ombeni ubao huo uondolewe.

Kama mnacheza na piano, semeni mapema noti ya A iwe mitetemo 440 au 442 kwa sekunde. Tofauti ni kama senti nane (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), nanyi mnaweza kupanda. Piano haipandi siku hiyohiyo ikatulia. Ipatanishwe baada ya kusogezwa mahali pake, na ipitiwe tena kati ya mazoezi na kufunguliwa kwa milango.

Kwa tamasha la saa 1:30 usiku, ingieni saa 9:30 alasiri. Nusu saa ya kwanza ni ya kutafuta mahali: sogeeni sentimita 50 mbele, kisha nyuma, mtu mmoja asikilize kutoka safu ya tano na mwingine kutoka ya mwisho. Jaribuni viola ikiwa nje, halafu chelo ikiwa nje. Pierre Boulez Saal ya Berlin ina umbo la yai na watu wameketi pande zote, kwa hiyo kila mpangilio huko unampa mtu mgongo. Kumbukeni ukumbi mtupu hurudisha sauti zaidi ya uliojaa. Mwendo mliopunguza mchana ili noti zisivurugane utasikika mzito usiku, watu wakishameza mwangwi. Mazoezi yakome saa 11, mle, mpumzike.

Hatua ya 9: Mmoja akiugua

Kwarteti haiazimi mtu kirahisi, kwa hiyo bebeni noti za watu watatu. Mpiga chelo akiugua, kuna Terzetto ya Dvořák ya 1887, ya fidla mbili na viola. Mpiga fidla akiugua, kuna Divertimento K. 563 ya Mozart, kama dakika 45, na trio tatu za Beethoven za opus 9. Asipokuwepo mpiga viola, hapo pana taabu, kwani kazi nzuri za fidla mbili na chelo ni chache. Katika mkataba andikeni kwamba mabadiliko ya programu kwa ugonjwa hayapunguzi malipo.

Hatua ya 10: Kurudi

Karatasi ya njano ya Carnet igongwe muhuri wa kurudi kabla hamjatoka uwanja wa nyumbani, kisha kitabu kirudishwe chemba ya biashara ili dhamana ifunguliwe. Vyeti vya kodi na stakabadhi vipangeni kwa nchi, si kwa tarehe. Chelo nayo ikae ndani ya kasha mpaka kesho yake asubuhi.